Matairi Mawili ya Kuchongwa

Pale Koboko, kwenye kituo cha magari yaendayo Arua, alikuwapo mtu mmoja mrefu, mwembamba, ambaye hakuweza kupita karibu na gari lililosimama bila kuinama na kupapasa matairi yake. Gari halikuwa lake, yeye hakuwa abiria, na hakuna aliyemwomba. Atagusa hili, atagusa lile, mpaka ayamalize yote, kisha atafuta mikono kwenye suruali na kwenda zake. Vijana wa kituoni walimwita Mkaguzi na kumcheka waziwazi. Waache wacheke. Hawakuwa wameumwa bado na mtu waliyekula naye sahani moja.

Jina lake Yakani. Kabla hajawa kichekesho cha kituo alikuwa dereva, tena dereva ambaye mama wa Koboko angeweza kumpakiza mtoto wake peke yake mpaka Arua na kurudi shambani kulima bila wasiwasi.

Udereva aliufundishwa jeshini. Mwaka 1979, serikali ilipoanguka na vita vikapanda kuja huku kaskazini, familia za askari hazikungoja kuambiwa. Kila mwenye miguu alielekea mpakani. Shida ya Yakani ni kwamba mama yake hakuwa na miguu ya safari tena. Alikuwa mzito, ana baridi yabisi, na gari la jeshi lilikuwa limebaki njiani bila mafuta. Ndipo rafiki yake Mogga, dereva mwenzake wa kikosi kimoja, aliposema mama hawezi kuachwa. Walimlaza kwenye kitanda cha kamba, Mogga akashika mbele, Yakani nyuma.

Mogga ni mfupi. Alikunja blanketi akaliweka begani ili kitanda kisilale upande, akarefusha hatua zake, na Yakani akazifupisha za kwake, mpaka wakawa wanatembea kama mtu mmoja. Wakavuka Mto Kaya wa mpakani hivyo hivyo, maji kifuani mwa Mogga. Mama yule alisema baadaye kwamba tangu azaliwe hajawahi kulala usingizi mzuri kama siku ile aliyokimbizwa. Watu walicheka, maana hata kwenye msiba watu hucheka.

Basi huko Sudani, watu waliovuka pamoja walijiwekea desturi. Mwenzako akikupa kitu, awe ametumwa sokoni au amekutunzia mzigo wako, unakipokea kwa mikono miwili huku macho yako yakiwa usoni pake. Huchungulii ndani ya mfuko. Hupimi, hugeuzi. Ukichungulia mbele yake umemwambia kwamba yeye ni mwizi, na mtu aliyekwisha kupoteza nyumba, ng'ombe na nchi hana kingine cha kulinda zaidi ya kutoitwa mwizi. Ilikuwa desturi nzuri. Iliwashikilia watu kwa miaka mingi ya njaa, na mimi siisemi vibaya hata leo. Lakini desturi nzuri ikikutana na mtu aliyechoka kuwa mwema, hapo ndipo unapoona mambo.

Watu waliporudi nyumbani, Yakani alikuta nyasi zimeota mpaka mlangoni pake. Akajenga upya na mkewe Medina. Mogga hakukaa Koboko. Alikwenda Arua, akafungua kibanda cha kuziba pancha na kuuza matairi, na haikuchukua muda akawa na jina. Jina lenyewe lilitokana na kuchonga. Matairi yalikuwa adimu siku zile, na Mogga aliweza kuchukua tairi kipara, limeisha mpaka linateleza kama sabuni, akakaa nalo na kisu cha moto na kulichonga meno mapya, ya mshazari, yamepangika vizuri. Akilipaka rangi nyeusi ungeapa limetoka dukani. Mkono wake ulijulikana eneo zima la West Nile. Ukiona meno ya mshazari yanayokutana katikati, hilo ni la Mogga.

Sasa tuje kwa Viktoria wa kijiji cha Ludara, maana gari aliloliendesha Yakani lilikuwa lake na wenzake. Alikuwa mjane wa Kenyi, askari mwenzao, aliyefia ukimbizini kwa homa. Yakani alimwita shemeji, naye alimwita Yakani shemeji, kama inavyopasa kwa mke wa ndugu. Yeye na wajane wenzake wawili walilima tumbaku na mihogo misimu mingi, wakijinyima hata sabuni, mpaka wakanunua gari. Mwaka huo ni 1994. Lilikuwa gari la Kijapani lililokwisha kutumika, dogo, lakini nyuma limefunikwa na lina nafasi. Ajabu yake ni kwamba magurudumu yote manne yalivuta kwa pamoja wakati wote. Halikuwa na ile gia ndogo ya pembeni ambayo dereva wa jeshi anaivuta akifika kwenye matope na kuirudisha akitoka. Lenyewe lilivuta tu, usiku na mchana, penye tope na penye ukavu.

Muuzaji wa Kampala alimwambia Viktoria jambo moja, naye akalibeba mpaka Ludara kama amri ya Musa: matairi yote manne lazima yawe ya aina moja, na yachakae pamoja. Likiharibika moja, usichanganye jipya na kuukuu. Wale wajane walinunua matairi manne mapya siku moja, na Viktoria akamwambia Yakani maneno hayo wakati wa kumpa ufunguo. Yakani aliitikia kwa heshima. Moyoni alijiambia ni maneno ya muuzaji. Yeye alikuwa ameendesha magari ya jeshi yenye matairi ya koo mbalimbali, moja limetoka kwenye lori, jingine kwenye trela, na yalikwenda. Hapo ndipo alipokosea yeye, na hilo tusimfiche.

Kwa mwaka mzima na zaidi gari lilifanya kazi. Lilipeleka wagonjwa Arua, likaleta sukari na chumvi, likapanda vilima vya utelezi ambapo malori yalilala. Viktoria aliezeka nyumba kwa mabati. Watoto wa wajane wenzake wakarudi shule. Yakani mwenyewe alinenepa kidogo, Medina akawa anamtania kwamba kiti cha gari kinamfaa kuliko kiti cha nyumbani.

Ijumaa moja huko Arua, tairi la mbele lilipata pancha. Yakani alilipeleka gari kwa Mogga, kwa nani tena, akamwachia ufunguo na kwenda msikitini. Aliporudi, Mogga alikuwa amemaliza, na juu ya hayo ameliosha gari. Alimkabidhi ufunguo. Yakani aliupokea kwa mikono miwili, macho usoni pa rafiki yake, wakaulizana habari za watoto, akaingia garini akaondoka. Hakuzunguka gari hata mara moja.

Baada ya siku hiyo gari lilianza tabia. Njiani, kwenye udongo laini wa murram, lilikuwa zima. Lakini likifika mahali pakavu, pagumu, na Yakani akikata kona fupi, lilirukaruka kana kwamba mtu amelishika nyuma. Kisha likaanza kuvuma chini, katikati, mvumo mwembamba usiokoma. Medina alipanda siku moja akasema linanuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Yakani alilaumu barabara, akalaumu mafuta ya giaboksi, akalaumu mizigo ya akina mama. Kila kitu alikilaumu. Matairi aliyatazama kwa mbali na kuona meusi, yana meno, nambari za ubavuni zinalingana yote manne. Kwa nini ashuku?

Gari lilikufa karibu na Manibe, Arua ikiwa inaonekana. Kulikuwa na kishindo chini ya miguu ya abiria, kisha mlio kama wa mawe kwenye debe, kisha kimya. Viktoria alikuwamo, amekaa mbele, na tumbaku ya wajane wote watatu nyuma. Walisukuma mpaka mjini, kwa fundi mmoja aitwaye Anguyo.

Anguyo alilala chini ya gari kwa muda mrefu. Alipotoka hakuwaonyesha chuma kwanza. Alichukua kamba, akazungusha kwenye tairi la nyuma, akaifunga fundo. Akaihamisha kamba ile ile kwenye tairi la mbele. Ikalegea. Akajaribu la pili la mbele, ikalegea vilevile. Alimweleza Viktoria kwamba tairi lililoisha ni fupi kuliko jipya, hata kama nambari ni moja, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kwenye njia ile ile. Kwenye gari lingine si neno. Kwenye hili, mbele na nyuma zimeunganishwa na gia ya katikati, na gia hiyo ndiyo ilikuwa inapambana kila hatua, inachemka, mpaka ikapasuka. Viktoria hakuelewa bado. Anguyo akasema:

“Mama, ni kama watu wawili wanabeba kitanda ya mugonjwa. Moja iko na hatua refu, ingine fupi. Kama hapana patana, bega ya mutu itavunjika.”

Yakani alisikia maneno hayo. Akainama, kwa mara ya kwanza, akapapasa tairi la mbele. Chini ya rangi nyeusi meno yalikuwa makali pembeni, yamekatwa kwa kisu, ya mshazari, yanakutana katikati. Yule aliyempa shemeji yake kitu cha kufa nacho alikuwa ndugu wa kitanda cha kamba.

Hata hivyo hakuamini. Ndivyo tulivyo, mtu tunayempenda tunamtafutia sababu hata yeye mwenyewe hajaitafuta. Alijiambia Mogga amekosea, amechanganya matairi ya wateja, au kuna mtu kibandani aliyefanya bila yeye kujua. Alikwenda kumwona. Mogga alimpokea kwa chai, akasikiliza mpaka mwisho, akamshika bega. Yakani akamwambia kwamba wajane wameitisha kikao Ludara, wanadhani dereva ameuza matairi yao, na shahidi wake ni mmoja tu. Mogga akasema atakuja na atasema. Yakani alirudi Koboko akalala vizuri kuliko siku nyingi, na Medina, ambaye hakuwahi kumpenda Mogga sana, alisema tu kwamba mganga hajigangi, wala mwenye kosa hajitolei ushahidi. Yakani alikasirika, hakula chakula chake.

Kikao kilikaa uani kwa Viktoria, watu wengi kuliko viti. Wazee wa ukoo wa marehemu Kenyi walikuwapo, na wajane wale wawili, na majirani waliokuja kusikia aibu ya mtu, kama kawaida. Matairi mawili ya kuchongwa yaliwekwa katikati. Yakani alieleza aliyoyajua, kisha akasema kwa kujiamini kabisa kwamba fundi aliyeyachonga yupo hapa, aulizwe.

Mogga alisimama. Hakutazama chini, wala sauti yake haikutetemeka. Mwizi wa kawaida angekohoa kidogo.

“Mkono ni yangu, mimi hapana kataa,” alisema. “Lakini hii matairi Yakani ndiye alileta. Aliniambia, chonga, weka mbele, mimi nikaweka. Ile mupya alienda nayo mwenyewe.”

Yakani alimtazama, akingoja acheke, akingoja aseme amekosea kusema. Mogga alikaa chini akarekebisha kanzu yake. Wakati huo Yakani alijiona yuko tena katikati ya Mto Kaya, mama yake amelala kitandani, na yule wa mbele ameachia. Uchungu aliousikia haukuwa wa gari. Alitaka kusema, lakini neno gani? Angesema Mogga ni mwongo, wazee wangemwuliza ni yeye aliyemleta, sivyo? Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyeifua nguo ile na kuivaa siku ya baraza.

Viktoria ndiye aliyeuliza. Siku zote alimwita shemeji. Siku hiyo hakumwita hivyo.

“Dereva,” alisema, “siku ile wewe alichukua gari kwa huyu, wewe aliangalia matairi?”

Yakani angeweza kudanganya. Ukweli ni kwamba uongo mmoja tu ungemwokoa: aseme aliangalia, alikuta mapya, yakaibwa baadaye. Wengine wangeamini.

“Mimi hapana angalia,” alisema.

Viktoria akanyoosha mkono, na Yakani akamwekea ufunguo. Mama yule aliutazama. Aliugeuza upande huu na upande ule, mbele ya wote, kisha akasema bila hasira yoyote:

“Labda ni wewe aliuza. Labda ni yeye. Kwangu iko sawa. Yeye alikuwa rafiki yako, hapana yangu. Mimi pia hapana angalia. Mimi aliamini wewe.”

Wazee walihukumu hivi na vile, lakini hukumu yenyewe ilikuwa imekwisha.

Na desturi ni desturi. Mgeni uliyemwita wewe unamsindikiza wewe. Yakani alitembea na Mogga mpaka barabarani, watu wakiwatazama kwa nyuma na bila shaka wakisema, hao lao moja. Walipofika, Yakani aliuliza kwa nini. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua kweli, kama mtu anavyouliza njia.

Mogga alifikiri kidogo. “Tajiri moja alitaka mbili mupya siku ile, na mimi nilikuwa na shida,” alisema. “Na wewe najua hutaangalia. Miaka yote hii, wewe hapana angalia.”

Alisema hivyo kana kwamba kosa ni la Yakani, na pengine aliamini hivyo. Akapakiwa kwenye baiskeli ya mpita njia akaenda zake. Yakani alisimama pale barabarani mpaka jua likamchoma utosi. Baadaye alimwambia Medina kwamba kama Mogga angemwomba yale matairi, angemtafutia. Angeuza mbuzi, angekwenda kwa Viktoria kwa magoti. Kilichomuua ni kwamba upendo wake wote, kule kutochungulia kwake, Mogga aliuona kuwa ni upofu tu, akaupanga kwenye biashara yake kama anavyopanga visu. Medina, aliyekuwa na haki ya kusema nilikwambia, hakusema. Alimletea maji ya kuoga.

Gari la wajane halikupona. Gia ya kufaa haikupatikana, na la kuvunda halina ubani. Lilivutwa mpaka uani kwa Viktoria, kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva, na mwisho likauzwa vipande. Tumbaku ilirudi kubebwa kichwani. Hakuna aliyempa Yakani gari tena. Alipata kipande cha shamba huko Kuluba, akalima mihogo, na siku za soko alikuja kituoni na ile tabia yake. Alipapasa matairi ya watu, akanusa mafuta ya taa kabla ya kununua, akachungulia mfuko wa sukari mbele ya macho ya muuzaji. Hata kikombe cha chai alichopewa na mkewe alikiinamia kwanza. Medina alimwambia siku moja kwamba akitaka kuangalia kama kuna sumu, akinywe tu, atajua. Wakacheka, lakini si sana.

Miaka ikapita. Siku moja Viktoria alishikwa na ugonjwa wa tumbo, wakasema lazima afikishwe hospitali ya Arua. Ndugu zake walikodi gari. Lilikuwa limesimama kituoni Koboko, injini inanguruma, mama wa watu amelazwa kwenye kiti cha nyuma, jasho linamtoka. Dereva anataka kuondoka. Viktoria akakataa. Akasema aitwe Yakani.

Walimkuta sokoni na kikapu cha mihogo. Alikuja mbio, akadhani Viktoria amekufa au anataka kumwachia wosia. Dereva yule kijana alimtazama akadhani analetewa mtu wa kumnyang'anya usukani, akaanza kulalamika.

“Huyu hapana endesha,” Viktoria alimwambia. “Huyu ataangalia tu.”

Watu wote wa kituo walikuwa wamesimama. Yakani akaweka kikapu chini. Akainama kwenye tairi la kwanza, akalipapasa mpaka ndani ya meno, akaenda la pili, akavua mshipi wake akalipima nao, akaenda la tatu na la nne. Hakuna kijana aliyecheka. Alipomaliza alikuja dirishani na mikono yake yenye vumbi, hakujua aiweke wapi.

“Umeangalia?” Viktoria aliuliza. Hakumwita shemeji, lakini hakumwita dereva pia.

“Nimeangalia.”

“Haya,” akasema, na kumwambia kijana aondoe gari.

Gari likashika njia ya Arua. Yakani alibaki kituoni, mshipi mkononi, suruali anaishikilia isianguke, akilitazama mpaka vumbi lake likatulia.